ECG imeonyesha, dawa haikuandikwa: barua ya wazi kwa wasimamizi wa huduma za afya

Waheshimiwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa hospitali, wasimamizi wa bima, na ninyi mnaopitisha orodha za dawa na vipimo,

Kuna aina ya kiharusi ambayo mara nyingi hubisha hodi kabla ya kuingia. Hodi hiyo iko kwenye kifundo cha mkono: mapigo yasiyo na mpangilio wowote, hili likiwahi, lile likichelewa, moja zito, jingine hafifu. Hali hiyo, mpapatiko wa atiria (vyumba vya juu vya moyo), humzidishia mtu hatari ya kiharusi takribani mara 5 akilinganishwa na mwenzake wa umri uleule asiye nayo. Dawa inayofaa, ikitumiwa ipasavyo, hupunguza hatari hiyo kwa karibu theluthi mbili.

Sisi tunaoandika tunahudumia wagonjwa wa moyo na wa kiharusi. Hatuwaandikii kuhusu wale ambao ugonjwa wao haukugunduliwa, ingawa nao ni wengi. Tunawaandikia kuhusu wale ambao ECG yao, kipimo cha umeme wa moyo, ilipigwa, ikaonyesha mpapatiko waziwazi, karatasi ikaingizwa kwenye faili, kisha hakuna aliyeamua lolote. Ombi letu kubwa ni moja: mtu ambaye ECG yake imeonyesha mpapatiko wa atiria asitoke kituoni bila uamuzi ulioandikwa kuhusu dawa ya kuzuia damu kuganda. Uamuzi unaweza kuwa apewe. Unaweza kuwa asipewe, na sababu ikatajwa. Usikubaliwe ukurasa mtupu.

Inafaa tueleze kinachotokea moyoni, kwa sababu maamuzi mengi mabovu hutokana na kudhani kwamba tatizo ni mwendo wa mapigo tu. Katika moyo wenye afya, umeme huanzia sehemu moja juu ya atiria ya kulia, ukasambaa, na vyumba vyote viwili vya juu vikakaza pamoja kusukuma damu kwenye ventrikali zilizo chini. Katika mpapatiko, umeme huzunguka ovyo, mara 350 hadi 600 kwa dakika, na kuta za atiria hutetemeka bila kukaza. Kizingiti cha umeme kilicho kati ya vyumba vya juu na vya chini hupitisha sehemu tu ya mishtuko hiyo, na bila utaratibu. Ndiyo maana mkononi mtahesabu 110 au 140, si 400.

Damu isiyosukumwa hutuama. Hutuama zaidi kwenye kifuko chembamba kilichochomoza kutoka atiria ya kushoto. Kwa watu wasio na ugonjwa wa vali za moyo, takribani asilimia 90 ya mabonge ya damu yanayopatikana kwenye atiria ya kushoto hukutwa ndani ya kifuko hicho. Bonge likichomoka huteremka hadi ventrikali ya kushoto, hutupwa kwenye aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, na miongoni mwa matawi ya kwanza linalokutana nayo ni yale yanayopanda shingoni kwenda kwenye ubongo. Bonge la namna hii mara nyingi ni kubwa, kwa hiyo huziba mshipa mkubwa, na eneo pana la ubongo hukosa damu kwa mpigo mmoja. Kiharusi cha asili hii huua na kulemaza zaidi kuliko viharusi vingine vya mshipa kuziba.

Kutokana na hayo, dawa ya kupunguza kasi ya moyo haizuii bonge. Mgonjwa aliyeshushwa kutoka mapigo 140 hadi 75 kwa kizuia beta au digoksini anajisikia vizuri na anapumua vizuri, lakini atiria zake bado zinapapatika na damu bado inatuama. Hata kuurudisha moyo kwenye mpangilio wake hakutoshi. Utafiti wa AFFIRM, uliotolewa mwaka 2002, ulionyesha kwamba viharusi vingi, hata kwa waliokuwa wakitibiwa ili mpangilio urudi, vilitokea baada ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kusimamishwa au ilipokuwa chini ya kiwango. Vilevile mpapatiko wa kuja na kuondoka hauna msamaha: ECG ya leo ikiwa safi haifuti ya mwezi uliopita. Wengi hawahisi chochote, si moyo kudunda wala kizunguzungu, kwa hiyo kusubiri mgonjwa alalamike ni kusubiri kiharusi chenyewe.

Kuhusu kugundua hatutasema mengi, kwa sababu kazi yenyewe ni rahisi. Kila mtu wa miaka 65 na zaidi anayefika kituoni kwa shida yoyote, hasa mwenye presha au kisukari, ashikwe mapigo ya mkononi kwa vidole, kwa sekunde 30 angalau, na dakika nzima mhudumu akiwa na shaka. Mashine ya presha inayojipima yenyewe haichukui nafasi ya vidole. Mapigo yakivurugika, mashine nyingi hutoa namba zinazoyumba. Hapo presha ipimwe kwa mkono, mara tatu, na wastani uandikwe. Mapigo yasiyo na mpangilio yanadai ECG siku hiyohiyo. Utambuzi unathibitishwa kwa ECG ya njia 12, au kwa kifaa cha njia moja kilichorekodi sekunde 30 au zaidi, na kusomwa na mtu mwenye ujuzi.

Tunasisitiza mtu, kwa sababu maandishi yanayochapwa na mashine juu ya karatasi hukosea kila upande. Mgonjwa akitetemeka, au akiwa na mapigo ya ziada yanayowahi, mashine inaweza kuyaita mpapatiko. Na mpapatiko wa taratibu unaweza kupita ukiitwa kawaida. Msomaji atazame mambo mawili: mawimbi ya P (vilima vidogo vinavyoonyesha umeme wa atiria) hayapo, na nafasi kati ya mapigo hazifanani wala hazijirudii. Kwenye karatasi ya sekunde 10, ahesabu mapigo yote na kuzidisha kwa 6; kuhesabu miraba kati ya mapigo mawili tu, kama ilivyozoeleka, hapa kunapotosha. Kisha aweke saini.

Mkiombwa bajeti ya kampeni kubwa za kuwavisha wazee wasio na dalili vifaa vya kurekodi moyo kwa miezi, ulizeni maswali magumu kwanza. Utafiti wa LOOP wa mwaka 2021 uliwawekea watu wa miaka 70 hadi 90 kifaa chini ya ngozi. Mpapatiko uligunduliwa kwa karibu mara tatu zaidi kuliko kwa waliofuatiliwa kwa njia ya kawaida, lakini kupungua kwa viharusi hakukuwa kwa kiwango cha kuthibitika. Kwa maoni yetu, fedha hizo zianze kwa walioshagunduliwa na kuachwa.

Sasa uamuzi wenyewe. Hesabu yake inachukua dakika moja. Pointi 1 kwa moyo kushindwa kufanya kazi, 1 kwa presha, 1 kwa kisukari, 1 kwa ugonjwa wa mishipa kama shambulio la moyo la zamani, 1 kwa umri wa miaka 65 hadi 74, au 2 kuanzia miaka 75. Kisha 2 kwa aliyewahi kupata kiharusi, hata kile cha muda mfupi kilichopita chenyewe. Zamani mwanamke aliongezewa pointi 1. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 umeiondoa, na kazi imekuwa nyepesi zaidi. Pointi 2 au zaidi, dawa inapendekezwa. Pointi 1, daktari na mgonjwa wajadiliane. Sifuri, hakuna haja kwa sasa, lakini hesabu irudiwe kila mwaka, kwa kuwa umri hausimami. Mtu wa miaka 68 mwenye presha tayari ana pointi 2 hata akijiona mzima kabisa. Mwenye vali ya mitrali (iliyo kati ya atiria na ventrikali ya kushoto) iliyosinyaa kwa kiwango cha kati au kikubwa, au mwenye vali ya bandia ya chuma, haingii kwenye hesabu hii: huyo anahitaji warfarini bila kuhesabiwa pointi.

Hapo ndipo huingia aspirini, na hapa hatutapamba maneno. Kumwandikia mgonjwa wa mpapatiko aspirini kwa kisingizio kwamba ni laini zaidi ni kumpa hatari ya kutokwa damu bila kinga ya maana. Utafiti wa BAFTA wa mwaka 2007 ulihusu watu wa miaka 75 na zaidi, walewale ambao madaktari huogopa kuwapa warfarini. Viharusi vikubwa na matukio mengine ya aina hiyo yalikuwa asilimia 1.8 kwa mwaka kwa wenye warfarini, na asilimia 3.8 kwa wenye aspirini, na kutokwa damu kwingi hakukuzidi upande wa warfarini. Mwaka 2011 utafiti wa AVERROES ulilinganisha apiksabani, dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, na aspirini kwa watu waliodhaniwa hawafai kwa warfarini. Ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu apiksabani ilikuwa imeshapunguza viharusi kwa zaidi ya nusu, huku kutokwa damu kwingi kukikaribiana. Ikiwa miongozo yenu ya tiba bado ina mstari wa aspirini kwa ajili ya mpapatiko wa atiria peke yake, ufuteni.

Sababu nyingine ya kunyima dawa ni kwamba mzee huanguka. Waliowahi kupiga hesabu hiyo, mwaka 1999, walikuta kwamba mzee wa kawaida mwenye mpapatiko angepaswa kuanguka takribani mara 295 kwa mwaka ndipo hatari ya kuvuja damu kichwani ipite faida ya warfarini. Kuanguka kutibiwe kama kuanguka: macho, viatu, taa, dawa za usingizi. Hatari ya kutokwa damu ipimwe ili irekebishwe: presha iliyopita 160 ishushwe, dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ziondolewe, aspirini isiyo na sababu iachwe, pombe ipunguzwe, upungufu wa damu utafutiwe chanzo.

Warfarini ni dawa nzuri inayohitaji uangalizi ambao vituo vingi haviutoi. Damu inapaswa kukaa kwenye INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda; ikipanda, damu huganda polepole zaidi) ya 2 hadi 3. Chini ya 2 viharusi hupanda. Ikipita 4 damu huvuja kwa urahisi. Dozi ya kuanzia huwa karibu miligramu 5 kwa siku, pungufu kwa mzee, mwembamba au mwenye ini bovu, na nguvu kamili haifiki kabla ya siku 5 hivi. INR hupimwa kila baada ya siku chache hadi itulie, kisha kila wiki, kisha kila baada ya wiki 4 au zaidi. Ikiyumba kidogo, dozi ya wiki nzima hubadilishwa kwa asilimia 5 hadi 20, si zaidi. Kinachoharibika mara nyingi ni kukurupuka: INR ya 1.8 leo, dozi inaongezwa maradufu, wiki ijayo ni 5, dawa inasimamishwa, na mgonjwa anabembea kati ya bonge na kuvuja damu.

Mambo mengine yanayoiharibu yanajulikana. Metronidazoli, kotrimoksazoli na flukonazoli huipandisha INR. Rifampisini na kabamazepini huishusha. Anayeandika mojawapo ya dawa hizo apange INR ndani ya siku 3 hadi 7, na apange tena dawa hiyo itakapokwisha, jambo linalosahaulika zaidi. Mboga za majani zisipigwe marufuku. Mgonjwa aambiwe ale kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki.

Na kuna jambo linalowahusu wanaonunua dawa moja kwa moja. Rangi za vidonge vya warfarini hazifanani duniani. Kidonge cha waridi ni cha miligramu 5 katika nchi kama Uingereza, lakini Marekani rangi hiyo ni ya miligramu 1. Mkibadilisha mtengenezaji bila kutangaza, mgonjwa aliyezoea kunywa kwa rangi anaweza kujizidishia dozi mara 5 au kujipunguzia mara 5. Kila shehena mpya yenye rangi tofauti iende na tangazo kwa wafamasia, na dozi iandikwe kwa miligramu, isiandikwe kwa idadi ya vidonge.

Kipimo cha kusimamia kliniki ya warfarini ni sehemu ya muda ambao wagonjwa wake wanakaa kati ya 2 na 3. Mgonjwa akiwa chini ya asilimia 65 licha ya juhudi, warfarini haimlindi vya kutosha. Abadilishiwe dawa, au sababu itafutwe. Kituo ambacho vijiti vya INR huisha mara kwa mara hakipaswi kuhesabiwa kuwa kinatoa huduma ya warfarini, hata kama vidonge vimejaa rafuni.

Dawa mpya, yaani apiksabani, dabigatrani, rivaroksabani na edoksabani, hazihitaji INR, na zikilinganishwa na warfarini hupunguza kuvuja damu ndani ya fuvu kwa takribani nusu. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Hata hivyo nazo zina masharti. Mwenye vali ya mitrali iliyosinyaa kutokana na homa ya rumatiki, au mwenye vali ya chuma, abaki kwenye warfarini. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vichache zaidi upande wa dawa za kundi la warfarini kuliko rivaroksabani kwa wagonjwa wa moyo wa rumatiki wenye mpapatiko. Rifampisini huzidhoofisha zote. Ritonavir hupandisha kiwango cha baadhi yake hadi cha hatari.

Kosa tunalolikuta mno ni kupunguza dozi kwa huruma. Apiksabani ni miligramu 5 mara mbili kwa siku. Hushuka hadi 2.5 mara mbili ikiwa tu mgonjwa ana angalau mawili kati ya haya: miaka 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 au pungufu, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) ya mikromoli 133 kwa lita au zaidi. Uzee peke yake hautoshi. Rivaroksabani ni miligramu 20 mara moja, pamoja na chakula, la sivyo hainyonywi vizuri, na 15 kwa figo zilizodhoofika. Dabigatrani hutolewa zaidi na figo, haivumilii unyevu na haifunguliwi kapsuli. Mfamasia asiihamishie kwenye bahasha za karatasi. Kwa zote, figo zipimwe kabla ya kuanza na angalau mara moja kwa mwaka, mara nyingi zaidi kwa mzee au mwenye figo dhaifu.

Halafu ghala. Athari ya warfarini hubaki siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Ya dawa mpya hupungua kwa nusu kila baada ya saa 12 hivi, kwa hiyo ndani ya siku moja au mbili bila dawa mgonjwa anakuwa hana kinga. Uhaba wa wiki moja ambao kwa dawa nyingine ni usumbufu, kwa hizi ni viharusi. Wanaopanga akiba waziweke kwenye kundi la dawa zisizoruhusiwa kuisha, na wasimamizi wa bima waache kulinganisha kidonge kwa kidonge: upande wa warfarini uongezewe gharama ya vipimo vyote vya INR, nauli, na vitanda vya waliovuja damu.

Dawa pia hupotea kwenye milango kati ya idara. Daktari wa meno huisimamisha kwa ajili ya jino moja, jambo ambalo kwa kawaida halihitajiki. Daktari wa upasuaji huisimamisha kwa sababu halali, kisha hakuna anayeirudisha. Kila karatasi ya kusimamisha iwe na tarehe ya kurudisha na jina la mwenye jukumu. Bila vitu hivyo viwili mfamasia wa wodi asiipokee. Mgonjwa wa warfarini anayefanyiwa upasuaji mdogo kwa kawaida hahitaji kujazwa heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, katikati: utafiti wa BRIDGE wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba iliongeza kutokwa damu bila kupunguza mabonge. Anayerudishiwa mpangilio wa moyo kwa mshtuko wa umeme anahitaji wiki 3 za kinga kabla na angalau wiki 4 baada, kwa sababu atiria huchukua muda kurudia nguvu zake.

Kiharusi kikishatokea, chumba cha dharura kiulize mapema mgonjwa anatumia dawa gani ya damu na alikunywa saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na kwa kawaida haitolewi ikiwa INR imepita 1.7 au dawa mpya imenywewa ndani ya saa 48. Kwa hiyo kila mgonjwa apewe kadi ya mfukoni yenye jina la dawa, dozi na sababu. CT (picha ya ndani) ya kichwa itangulie, kwa kuwa dalili peke yake hazitofautishi kuziba na kuvuja. ECG ifuate siku hiyohiyo. Ikiwa safi na chanzo kingine hakijaonekana, moyo urekodiwe kwa muda mrefu, maana utafiti wa EMBRACE wa mwaka 2014 uligundua mpapatiko kwa asilimia 16.1 ya waliorekodiwa siku 30, dhidi ya asilimia 3.2 kwa saa 24 za ziada. Na mazoea ya kusubiri wiki mbili kwa kila mgonjwa kabla ya kuanza dawa yamepitwa na wakati. Utafiti wa ELAN wa mwaka 2023 ulianza ndani ya saa 48 kwa kiharusi kidogo na cha kati, na siku ya 6 au 7 kwa kikubwa, bila kuonekana madhara ya ziada. Mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani akiambiwa dawa itaanzwa kliniki, mara nyingi haianzwi.

Tunaomba mhesabu namba tatu kila robo mwaka, kituo kwa kituo. Kati ya wote ambao ECG ilionyesha mpapatiko, wangapi wana uamuzi ulioandikwa ndani ya siku 14? Kati ya waliolazwa kwa kiharusi cha mshipa kuziba huku mpapatiko wao ukijulikana tangu zamani, wangapi walikuwa wanatumia dawa siku kiharusi kilipotokea? Kati ya vipimo vyote vya INR vya wenye lengo la 2 hadi 3, asilimia ngapi viliangukia humo? Daftari moja kwenye chumba cha ECG na lingine wodi ya kiharusi yanatosha kuanzia, bila kusubiri mfumo wa kompyuta. Atajwe mtu mmoja katika kila kituo wa kuyajaza, tena awe na mamlaka ya kumpigia simu mgonjwa arudi. Namba ya pili ndiyo tungependa kuiona kwanza.

Wenu katika kazi,
Wahudumu wa wagonjwa wa moyo na kiharusi